Daftari Langu la Kifafa

Nina kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa darasa la tatu, katika kijiji kimoja cha milima ya Mahenge, wilayani Ulanga. Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto. Nimejitaja mapema kwa sababu kwetu mwenye kifafa hajitaji. Hutajwa na wengine, kwa kunong'onezana. Ushuhuda ninaoutoa hapa si wa kupona, maana vidonge bado nameza kila usiku. Nashuhudia jinsi nilivyobadilika katika kumsikiliza mtu anayeniambia, "Dawa hii inaponya." Utotoni nilifundishwa kusikiliza umri wake, cheo chake na machozi ya waliomshuhudia. Siku hizi nasikiliza kitu kimoja tu, nami nitakieleza.

Nyumbani nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu cha bati na mkeka wangu. Hakuna aliyenichukia. Mama alikuwa akilia huku akiniwekea chakula pembeni. Iliaminika kwamba povu la mgonjwa likimgusa mtu, naye ataanguka, na kwamba hata hewa inayomtoka mgonjwa kwa nyuma wakati wa kuanguka huambukiza. Kwa hiyo nilipoanguka, waliokuwa karibu walikimbia, na shuleni dawati langu lilisogezwa mlangoni ili wenzangu wapate pa kutokea.

Lakini kulikuwa na imani moja mbaya kuliko zote: kwamba mwenye kifafa akishaungua moto, ugonjwa umejifunga ndani yake na hautoki tena. Hebu fikiri maana ya imani hiyo katika nyumba zinazopikia kwenye mafiga, moto uko chini, watoto wanauzunguka. Kijana wa jirani yetu aliangukia motoni. Watu wazima, wenye akili na huruma, walisita kumshika. Alipotolewa hawakumtafutia tena tiba ya kifafa, kwa kuwa kwao habari yake ilikuwa imekwisha. Alikufa kwa vidonda. Kilichomuua ni sentensi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikagua.

Mama alinipeleka kwa waganga. Simlaumu hata kidogo. Mama mwenye mtoto anayeanguka huenda popote anapoambiwa kuna msaada, na wakati ule waganga ndio waliokuwa karibu. Mpunga uliuzwa, mbuzi wakauzwa. Wa kwanza alinichanja chale, akanifukiza, akanipa mwiko: nisile kambale, nisivuke maji baada ya jua kuzama. Tuliporudi nilikaa muda mrefu bila kuanguka. Nyumba nzima ilifurahi na mama akapeleka kuku wa shukrani. Kisha nikaanguka kisimani. Mganga alituuliza swali moja: nimekula nini? Tulitafuta katika kumbukumbu mpaka tukapata kitu cha kukiri, maana ukitafuta kosa la mtoto hulikosi. Tukaenda kwa wa pili, naye akasema wa kwanza alinifunga vibaya. Wa tatu akasema ni jirani. Kila mmoja alikuwa na wateja waliomsifu kwa dhati, na sifa zao nilizisikia kwa masikio yangu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini sifa zile zilikuwa za kweli na dawa zile hazikuwa dawa. Kifafa kina vipindi vyake. Huja kwa mfululizo, kikatulia wiki au miezi, kikarudi. Sasa mtu huenda lini kwa mganga? Huenda siku mambo yalipokuwa mabaya kabisa, akiwa ameanguka mara nyingi kuliko kawaida yake. Baada ya kilele kama hicho, utulivu hufuata mara nyingi hata pasipotendeka jambo lolote. Yeyote aliyekupa kitu siku ile, awe amekupa mizizi, maji ya upako au chai ya rangi, atapewa heshima ya utulivu huo. Na wako watoto ambao degedege lao la homa huisha lenyewe wakikua. Wengi wao hawalioni tena baada ya umri wa miaka 5 au 6. Mganga aliyemtibu mtoto wa namna hiyo atasifiwa maisha yake yote.

Ndivyo ilivyo pia kwa kitunguu, soksi chafu na njiti ya kibiriti ambavyo watu humnusisha mtu aliyeanguka. Mara nyingi kuanguka huisha kwenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Aliyeshika kitunguu anaona kwa macho yake mgonjwa akitulia. Hadanganyi. Ameona kweli kutulia, ila hajamwona mgonjwa yule yule akitulia bila kitunguu, na bila kuviona vyote viwili hawezi kujua kitunguu kimefanya nini.

Mabadiliko yangu yalianza mjomba, ndugu yake mama, aliposema imetosha, akatuchukua hadi Mahenge mjini kwenye kliniki ya kifafa. Kliniki hiyo ina historia yake. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, ambaye aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakiishi pembezoni mwa familia zao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto, akawaanzishia dawa. Watu walimwita Mama Doctor. Alipowagusa wagonjwa bila woga, akala nao na asianguke, alikuwa anajibu imani ya povu kwa kitendo ambacho kila mtu aliweza kukiona.

Sisi tulipofika hakuwepo. Tulipokewa na mganga wa hospitali, mzee mwenye miwani, aliyemuuliza mama maswali mengi kuhusu namna ninavyoanguka: unaanza mkono gani, macho yanaelekea wapi, analala baadaye, anajikojolea? Waganga wote wa nyuma walikuwa wametueleza sisi, huyu alituuliza. Kisha akanipa vidonge vya fenobabitoni na akampa mama daftari dogo la shule.

"Mama, kila akianguka andika tarehe, saa, na kama siku hiyo alimeza dawa."

Mama akauliza, "Mwiko wake nini?"

"Mwiko wake ni kuruka dozi."

Mama akanyamaza kidogo, halafu akauliza lililokuwa moyoni. "Na asipopona, baba?"

Yule mzee hakukasirika. Akaligonga daftari kwa kidole. "Humu mtaniletea jibu. Ukiona anaanguka vile vile, ujue dawa hii imeshindwa au nimempa kidogo. Nitaongeza, au nitabadilisha."

Hakuna mtu aliyekuwa ametuambia kabla ya hapo kwamba dawa yake inaweza kushindwa. Kwa wengine wote aliyeweza kushindwa ni mimi. Maneno yale yalinikaa, na hadi leo ndiyo kipimo changu. Mtu akiniletea dai la tiba, namuuliza kwa heshima: tutaona nini ili tujue kwamba haifanyi kazi? Mwenye elimu ya kweli ana jibu, tena hulitoa haraka. Mwenye elimu ya bandia hana, kwa sababu dai lake limeshonwa lisipate mahali pa kuchanika: ukipona ni dawa, usipopona ni mwiko, ni imani haba, ni jirani, ni sumu zinazotoka kwanza.

Daftari lilifanya kazi ambayo hatukuitarajia. Kuanguka kulipungua, hilo ndilo tuliloliombea. Lakini pia lilianza kutujibu mambo mengine. Bibi yangu aliamini kwamba naanguka mwezi unapoandama, na hakuwa peke yake. Ni imani ya kale katika nchi nyingi. Nilipofika darasa la saba nilikaa naye barazani nikamsomea tarehe zote, tukazilinganisha na miandamo ya mwezi. Zilikuwa zimetapakaa mwanzo, katikati na mwisho. Bibi alifikiri kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, nilikuwa nazikumbuka zile za mwezi tu." Sijasikia maelezo bora zaidi ya namna imani isiyo ya kweli inavyoweza kuishi katika kichwa cha mtu mwerevu. Tunakumbuka yaliyolingana na tunachokiamini, mengine yanapita kama hayakuwepo.

Kilichojitokeza kwenye kurasa zile kilikuwa kingine kabisa. Nilianguka siku za baada ya mkesha wa msiba, siku za homa, na siku ambazo vidonge viliisha tukachelewa kwenda kuchukua vingine. Kukosa usingizi na kukosa dawa, hivyo ndivyo vilivyoniangusha. Tangu hapo nilijua nilinde nini.

Naomba hapa nisieleweke kwamba nawadharau wazee wetu. Macho yao yalikuwa makali. Kwetu ilisemwa kwamba kifafa kinazitafuta nyumba za karibu na mto, na ilisemwa ni mapepo ya maji. Mto una kitu kweli. Katika mito yenye maji ya kasi huzaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaojulikana kwa kupofusha macho, na utafiti wa miaka ya karibuni, ukiwemo uliofanyika Mahenge penyewe, umeonyesha kwamba maeneo yenye usubi mwingi huwa na kifafa kingi. Nilikuwa bado shuleni dawa za usubi zilipoanza kugawiwa vijijini kwetu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwingineko nchini, katika nyanda wanakofuga nguruwe, mara nyingine kifafa huletwa na mayai ya tegu yanayomezwa kwa mikono au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kisha viluwiluwi vyake vikakaa ubongoni. Kwa hiyo wazee waliona. Tofauti ya uchunguzi wao na wa watafiti ni kwamba wazee walisimama kwenye jibu la kwanza, na watafiti wakauliza: tukiwazuia inzi, kifafa kitapungua? Pepo wa maji hawezi kuulizwa swali kama hilo.

Wala sidharau miti. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria ina asili yake katika mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi. Tu Youyou na wenzake waliujaribu, wakatoa ndani yake kiini kinachoua vimelea, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea ule ulipata heshima kwa kukubali kupimwa. Hata fenobabitoni yangu haikutoka mbinguni. Ilikuwa dawa ya usingizi. Mwaka 1912 daktari kijana wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa ili walale, akaona kwamba wanaanguka mara chache zaidi, akaandika alichokiona ili wengine wakijaribu. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa chuo cha ualimu, nilimkumbuka mzee wa Mahenge na daftari lake.

Sasa niseme jambo ambalo ni gumu kidogo kulisema katika ushuhuda. Ushuhuda haupimi dawa. Hata huu wangu. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyezoea kumwita Babu. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, na kilisemwa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na presha. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, watu wakaja kutoka nchi jirani, wengine wakafia njiani na kwenye foleni. Kila jioni redio zilikuwa na mtu aliyepona. Wapo walioacha dawa zao za kupunguza makali ya virusi, kwa kuwa walijisikia vizuri. Sina sababu ya kumwita mzee yule tapeli. Bei ya kikombe chenyewe si ya tapeli. Lakini aliyekunywa akapona, au akadhani amepona, alipata kipaza sauti. Aliyekunywa akafa hakurudi redioni. Na dawa ilisemwa kuwa na nguvu ikitolewa kwa mkono wake tu, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeweza kuitoa kwa wagonjwa wengine, akawahesabu waliopona na wasiopona. Babu alifariki mwaka 2021. Magonjwa yale yote bado tunayo.

Moyo safi, basi, hautoshi. Na siku hizi elimu ya bandia imejifunza kuvaa koti jeupe, ambalo kwangu ndilo la hatari zaidi kuliko tunguli, kwa sababu linawakamata watu wa shule. Nilimsindikiza mwalimu mwenzangu mjini kwenye chumba kilichoandikwa kwamba wanapima mwili mzima bila kutoa damu. Dada aliyetupokea aliingiza kwenye kompyuta jina langu, umri, jinsia, urefu na uzito, akanishikisha kijiti cha chuma chenye waya. Baada ya muda mfupi printa ikatoa kurasa na kurasa: ini, figo, kongosho, madini ya mifupa, mishipa ya moyo, sumu mwilini. Kifafa hakikuwemo. Nilipomwambia ninacho, alirudi kwenye ukurasa wa ubongo akasema, "Ndiyo dada, si unaona hapa damu haifiki vizuri." Nikaomba kupimwa upya, nikalipia. Mara ya pili figo zilizokuwa na kasoro zikawa nzima, na nyongo iliyokuwa nzima ikawa na kasoro. Nilimwonyesha karatasi mbili zikiwa pamoja. Akaniambia mwili hubadilika. Kisha akanitajia virutubisho vya kunisafisha, bei yake kubwa, na akaongeza: nikivianza, zile kemikali za hospitali niziache.

Kauli ile ya mwisho ingeweza kuniua. Mtu anayeacha ghafla dawa za kifafa anaweza kuanguka mfululizo, bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huharibu ubongo au kuua. Nilimwambia hivyo kwa upole, na nikamwambia mwenzangu tuondoke.

Hakuna njia inayojulikana katika fizikia ambayo kijiti kilichoshikwa kiganjani kinaweza kusoma madini ya mfupa wa paja au mafuta ya ini. Lakini msomaji ambaye hakusoma fizikia anaweza kukitambua chombo cha namna hiyo kwa tabia yake. Chombo cha kweli cha kupima umeme wa ubongo kipo. Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Nilipopimwa kwa chombo hicho katika hospitali kubwa, daktari alinieleza kabla sijalala kitandani: "Mwalimu, majibu yakitoka safi haina maana huna kifafa. Kinaweza kisionekane saa hii." Chombo cha kweli kilikuja na mipaka yake mkononi. Kile cha kijiti kilijua kila kiungo, hakikusita popote, na kwa kila kasoro kulikuwa na chupa rafuni pale pale. Anayepima na anayeuza wakiwa mtu mmoja, na kipimo kisijue kamwe kusema sijui, mimi naondoka.

Kuna neno lingine linalonitia shaka sasa, nalo ni "asili, haina madhara". Vidonge vyangu vina madhara na nimeambiwa yote: usingizi, uzito wa kichwa, na tahadhari kubwa kwa mwanamke anayetaka mtoto, kiasi kwamba kabla ya mimba yangu ya kwanza nilirudi kliniki kupanga dozi na kupewa foliki asidi. Kitu chenye nguvu ya kutuliza ubongo hakikosi kuugusa mwili kwingine. Anayekuuzia tiba ya magonjwa ishirini isiyo na dhara hata moja anakupa sifa mbili ambazo haziishi nyumba moja.

Mimi ni muumini. Nasali kabla ya kumeza kidonge, na mchungaji wangu anajua ugonjwa wangu. Siku moja mhubiri mgeni alitaka wagonjwa waje mbele na dawa zao wazitupe. Mchungaji wetu alisimama akasema, "Maombi tutaomba, dawa zitabaki mifukoni." Namheshimu sana kwa hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wapatao milioni 50 wenye kifafa duniani, hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mimi nimo katika hao waliobahatika. Wengi waliobaki nje hawakosi dawa adimu. Fenobabitoni ni ya bei nafuu. Wanakosa njia ya kuifikia, na mara nyingi njia hiyo imezibwa na maneno.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna anayeanguka, msimkimbie. Povu lake ni mate. Mwondoeni penye moto na maji, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtazame saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbizeni hospitali. Mnunulieni daftari. Yeyote atakayewaletea dawa, mwulizeni mtaona nini ili mjue imeshindwa, na asipokuwa na jibu msimpe mbuzi wenu. Na wewe uliyekwisha kuandikiwa vidonge, usiviache ghafla kwa neno la mtu yeyote, awe mganga, mhubiri, muuza virutubisho au mimi ninayekuandikia. Rudi kwanza kwa aliyekupa, na daftari lako mkononi.